Mwaka Ambao Mazembe Walicheza Bila Mputu

Mutoshi ya leo, pembezoni mwa mji wa Kolwezi, inajulikana kwa shaba na kobalti. Zamani machimbo hayo yaliitwa Ruwe, na kampuni ya Mskoti Robert Williams, Tanganyika Concessions, ilifika hapo mwanzoni mwa karne ya 20 ikitafuta dhahabu. Baadaye yakaingia mikononi mwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, na tangu 1967 yakawa mali ya serikali chini ya shirika ambalo kila mtu wa mkoa wa Lualaba analijua kwa jina la Gécamines. Shirika hilo lilipodhoofika katika miaka ya 1990, wachimbaji wadogo waliingia mashimoni na makoleo yao. Tangu hapo maelfu ya nyumba za Kolwezi zimekuwa zikila kutokana na nguvu za mtu mmoja tu anayeshuka chini ya ardhi.

Ndiyo maana swali la makala hii si geni kwa watu wa huko. Mchimbaji akivunjika mguu, siku hiyo hiyo mapato hukatika. Wenzake hugawana kazi yake, au kundi husambaratika. Mkewe huanza kuuza kitu sokoni, mtoto mkubwa huacha shule. Kila mmoja anajua kwamba nyumba iliyomwegemea mtu mmoja imejiweka hatarini, na kila mmoja anajua pia kwamba mara nyingi hakuna njia nyingine.

Timu ya kandanda nayo humwegemea mtu mmoja, hasa mfungaji. Je, ifanye nini siku mfungaji huyo anapokosekana? Katika ukanda wa shaba wa Kongo swali hilo lilijibiwa uwanjani mwaka 2010, mbele ya dunia nzima, na klabu ambayo watu wa Kolwezi na Likasi wanaihesabu kuwa yao hata kama makao yake yako Lubumbashi. Kongo yenyewe ilikuwa imelijibu vibaya mara moja, miaka 36 kabla. Tuanzie huko nyuma.

Tout Puissant Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya vijana wa shule. Ilibadilisha majina mara kadhaa, ikabeba hata jina la kampuni ya matairi, Englebert. Neno "Tout Puissant", wenye nguvu zote, waliliongeza katika miaka ya 1960 baada ya kumaliza msimu bila kushindwa. Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Union Minière ilitaifishwa, Englebert walitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Mwaka 1968 walilitetea. Miaka miwili iliyofuata walifika tena fainali na kushindwa. Fainali nne mfululizo, na zote katika kipindi ambacho nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita na kujitenga kwa Katanga.

Kandanda ya Katanga ilijengwa pia na kampuni za madini, na hazikufanya hivyo kwa mapenzi tu. Zilitaka wafanyakazi wenye afya, wanaokaa kambini, wasiokuwa na muda mwingi wa siasa. Lakini watu waliuchukua mchezo na kuufanya wao. Njia ya reli iliyobeba shaba kutoka Kolwezi kupitia Likasi hadi Lubumbashi ilibeba pia habari za mechi. Kolwezi ina timu zake, AS Simba ikiwemo, na ina uwanja wake wa Dominique Diur. Hata hivyo, siku Mazembe wanapocheza Afrika, mitaa ya Manika na Dilala huwa upande mmoja.

Kizazi cha Englebert cha 1967 ndicho kilichoipa Zaire, kama Kongo ilivyokuja kuitwa, timu ya taifa ya miaka ya 1970, ikichanganyika na vijana wa Kinshasa na Kasai. Kutoka Kasai alikuja Ndaye Mulamba, kijana wa Kananga. Machi 1974, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, Ndaye alifunga mabao 9. Fainali ya kwanza dhidi ya Zambia iliisha 2-2, na mabao yote mawili ya Zaire yalikuwa yake. Ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0, na mabao yote mawili yalikuwa yake tena. Kwa hiyo Zaire ilishinda fainali kwa miguu ya mtu mmoja. Wakati ule hakuna aliyeona hatari ndani ya jambo hilo, na nisingependa kuwalaumu. Nani atazuia furaha akiwa na mtu kama huyo?

Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Walishindwa 2-0 na Scotland, matokeo yasiyo ya aibu. Kisha wakagundua kwamba posho walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao. Wakatishia kutocheza. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, waliingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia wakiwa na mioyo iliyovunjika. Dakika 20 za kwanza hazijatimia walikuwa wamefungwa matatu. Kocha Blagoje Vidinić, Myugoslavia, akamtoa golikipa Kazadi Mwamba, mkongwe wa Englebert. Muda mfupi baadaye beki Ilunga Mwepu akampiga teke mwamuzi, na mwamuzi akamtoa nje mtu asiye na kosa. Aliyetolewa alikuwa Ndaye Mulamba.

Kwa hiyo katika dakika ya 22 Zaire ilikuwa imempoteza mfungaji wake bora kwa kosa lisilo lake. Iliyobaki ni historia inayojulikana: 9-0. Ndaye hakucheza mechi ya mwisho dhidi ya Brazil pia, na Zaire wakarudi nyumbani bila kufunga hata bao moja. Ni rahisi kusema kwamba Zaire ilianguka kwa kumkosa Ndaye, lakini ukiyapanga matukio kwa mfululizo wake, kutolewa kwake kulikuja wakati nyumba ilikuwa tayari inaungua. Fedha zilikuwa zimepotea, golikipa alikuwa amebadilishwa, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mabao kadhaa yalishaingia kabla yeye hajaonyeshwa kadi.

Baada ya hapo kandanda ya Katanga ilishuka pamoja na migodi. Mazembe walitwaa Kombe la Washindi mwaka 1980, kisha wakapotea katika Afrika kwa muda mrefu. Mwaka 1978 waasi waliotokea Angola waliiteka Kolwezi, na askari wa miamvuli wa Ufaransa wakatua. Mwaka 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto ulibomoka. Mishahara ya Gécamines ikaanza kuchelewa, halafu ikakoma. Klabu zilizokuwa zikiishi kwa mgongo wa kampuni zikabaki na majina na jezi zilizochakaa.

Mwaka 1997 Moïse Katumbi, mfanyabiashara aliyekuja kuwa gavana wa Katanga mwaka 2007, alichukua uongozi wa Mazembe. Alikuwa na fedha na alikuwa na subira. Alilipa wachezaji vizuri kiasi kwamba hawakuona haja ya kukimbilia ligi ndogo za Ulaya. Katika wachezaji hao hakuna aliyepanda juu kuliko Trésor Mputu Mabi, mzaliwa wa Kinshasa, tarehe 10 Desemba 1985.

Mputu hakuwa mshambuliaji wa kusimama langoni akisubiri mpira. Alishuka kuuchukua katikati, akageuka, akapenya, akafunga au akampa mwenzake. Mwaka 2007 alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2009 alikuwa nahodha wa Kongo iliyotwaa CHAN ya kwanza, mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za ndani, huko Abidjan. Novemba mwaka huo huo Mazembe waliwashinda Heartland ya Nigeria na kurudisha kombe la Afrika Lubumbashi baada ya miaka 41. Mputu alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani.

Kuna jambo moja la fainali ile ya Abidjan ambalo wengi walilipita. Kongo iliifunga Ghana 2-0, na nyota alikuwa Mputu, lakini mabao yalifungwa na Dioko Kaluyituka na Bedi Mbenza. Wote wawili walikuwa wa Mazembe. Watakaoibeba klabu mwaka uliofuata walikuwa wanaonekana tayari, kwa yeyote aliyeangalia.

Desemba 2009 Mazembe walikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu wakiwa na Mputu katika kikosi. Walifungwa 2-1 na Pohang Steelers ya Korea Kusini, kisha wakafungwa 3-2 na Auckland City ya New Zealand, klabu ya wachezaji wa ridhaa. Wakashika nafasi ya 6. Kwa bingwa wa Afrika ilikuwa fedheha. Naomba msomaji akumbuke hesabu ya mechi hizo mbili, kwa sababu nitairudia: mabao 3 ya kufunga, 5 ya kufungwa.

Mei 2010 Mazembe walialikwa Kigali kwenye Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati. Katika mechi dhidi ya APR ya Rwanda kulizuka vurugu, na Mputu pamoja na mwenzake Guy Lusadisu walishtakiwa kwa kumshambulia mwamuzi. Agosti FIFA ilitoa hukumu: Mputu nje ya kandanda miezi 12, Lusadisu miezi 11. Halikuwa jeraha la goti wala la nyama za paja. Lakini kwa kocha anayepanga kikosi, matokeo yalikuwa yale yale ya mchezaji aliyekatika mshipa wa goti: nyota wako hayupo, hatakuwepo msimu huu wala sehemu kubwa ya ujao, na hakuna daktari wa kumharakisha.

Naona kulikuwa na faida katika uhakika huo. Mchezaji akiumia kidogo, timu huishi kwa tumaini. Kila wiki kocha huulizwa kama yuko tayari, kila wiki hupangwa kikosi cha muda, na mbadala hucheza akijua kwamba ameazimwa nafasi. Mara nyingine nyota hurudishwa kabla ya wakati, anaumia tena, na hasara inakuwa mara mbili. Hukumu ya FIFA iliwafungia Mazembe mlango huo wa tumaini. Walilazimika kujenga timu nyingine, si kusubiri ile ya zamani ipone.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa ikiendelea, na Mazembe walikuwa kundi moja na Espérance ya Tunis. Katikati ya yote hayo klabu ilibadilisha kocha: Mfaransa Diego Garzitto aliondoka, na Lamine N'Diaye wa Senegal akachukua nafasi. Klabu iliyompoteza nahodha na kocha katika msimu mmoja kwa kawaida huhesabiwa imekufa.

N'Diaye alikuwa mshambuliaji enzi zake. Mtu angetarajia amtafute mshambuliaji wa kuziba pengo la Mputu. Matokeo yanaonyesha kwamba kazi kubwa ilifanyika mahali pengine. Katika nusu fainali Mazembe waliwafunga JS Kabylie ya Algeria 3-1 nyumbani, kisha wakaenda ugenini Algeria, mahali ambapo timu nyingi kutoka kusini mwa Sahara huzama, wakatoka 0-0. Kombe la Afrika halina mechi ngumu kuliko hiyo, kulinda faida ugenini Afrika Kaskazini, na waliilinda bila mtu ambaye angeweza kuwapa bao la ghafla.

Fainali ya kwanza ilichezwa Lubumbashi tarehe 31 Oktoba, katika uwanja wa mtaa wa Kenya, dhidi ya Espérance wale wale. Iliisha 5-0. Wageni walibaki wachezaji 10 na walilalamikia uamuzi, na malalamiko yao hayakuwa ya kupuuzwa. Lakini mabao matano ni mabao matano. Wiki mbili baadaye huko Radès wakatoka 1-1, na Mazembe wakawa bingwa wa Afrika kwa mara ya pili mfululizo, kama walivyofanya wazee wao mwaka 1968.

Kwa hiyo Desemba walirudi Abu Dhabi, mahali pa fedheha ya mwaka uliotangulia. Mechi ya kwanza, dhidi ya Pachuca ya Meksiko, ilipangwa tarehe 10 Desemba. Siku hiyo Mputu alitimiza miaka 25, umri ambao mshambuliaji huanza kuvuna alichopanda, na alikuwa haruhusiwi kugusa mpira katika mechi yoyote rasmi duniani. Bedi Mbenza alifunga katika dakika ya 21. Dakika zote zilizobaki Mazembe walilinda. Golikipa Robert Kidiaba, mzaliwa wa Likasi, mji ulio katikati ya njia kati ya Lubumbashi na Kolwezi, aliondoa kila kilichokuja. Bao moja likatosha.

Siku nne baadaye walikutana na Internacional ya Porto Alegre, bingwa wa Amerika Kusini. Tangu FIFA ianzishe mashindano hayo, klabu za Ulaya na Amerika Kusini pekee ndizo zilizokuwa zimecheza fainali. Hakuna aliyewaza vingine. Wabrazili walishambulia kipindi cha kwanza kizima, Kidiaba akasimama imara. Dakika ya 53 Patou Kabangu aliupokea mpira, akautuliza, akaupeleka kwenye kona ya mbali. Dakika ya 85 Kaluyituka akafunga la pili. Kidiaba akakaa chini na kurukaruka kwa makalio kwenye nyasi, ile staili yake ya kushangilia ambayo Katanga ilikuwa ikiijua miaka mingi na ambayo dunia nzima iliiona usiku ule. Mazembe 2, Internacional 0.

Sasa hesabu. Mwaka 2009, wakiwa na Mputu, mechi mbili za kwanza Abu Dhabi: mabao 3 ya kufunga, 5 ya kufungwa. Mwaka 2010, bila Mputu, mechi mbili za kwanza katika mji ule ule: mabao 3 ya kufunga, 0 ya kufungwa.

Yaani timu haikufunga zaidi alipoondoka mfungaji. Haikufunga pungufu pia. Mabao matatu yalipatikana kutoka kwa watu watatu tofauti, Bedi, Kabangu na Kaluyituka, kila mmoja lake. Tofauti yote ilikuwa nyuma. Huwezi kumwambia Bedi awe Mputu. Ukimlazimisha, utapata Bedi mwenye wasiwasi na Mputu wa bandia. Unaweza kumwambia Bedi afunge bao moja tu, na ukawaambia wengine kumi wahakikishe bao moja linatosha. Nyota anapokosekana, watu huuliza nani atafunga. Swali lililowapeleka Mazembe fainali lilikuwa jingine: tufungwe mangapi?

Fainali yenyewe, tarehe 18 Desemba, ilikuwa dhidi ya Inter Milan, mabingwa wa Ulaya. Pandev alifunga dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17, na Biabiany akamalizia mwishoni: 3-0. Hapo ndipo pengo la Mputu lilionekana, na ni haki kulisema. Ukishafungwa mawili ndani ya dakika 17, mpango wa kulinda na kusubiri bao moja umekwisha. Unahitaji mtu wa kuvunja ukuta peke yake, na mtu huyo hakuwepo. Ulinzi mzuri unaweza kukufikisha mbali bila nyota. Siku ukitangulia kufungwa na timu kubwa, utamkumbuka. Kaluyituka alitajwa mchezaji wa pili kwa ubora katika mashindano, nyuma ya Eto'o. Hadi wakati ule hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali hiyo.

Brazil, taifa lenye uzoefu mkubwa wa kuwa na nyota, limewahi kujibu swali hili mara mbili kwa namna mbili. Mwaka 1962 nchini Chile, Pelé aliumia katika mechi ya pili dhidi ya Czechoslovakia na hakucheza tena. Kijana Amarildo aliingizwa, akafunga mabao mawili dhidi ya Hispania. Garrincha akaongeza mzigo wake, na katika fainali, dhidi ya Czechoslovakia hiyo hiyo, Brazil ikashinda 3-1, Amarildo akiwa mmoja wa wafungaji. Mwaka 2014, nyumbani kwao, Neymar alivunjika mfupa wa uti wa mgongo katika robo fainali dhidi ya Colombia. Siku nne baadaye, wimbo wa taifa ukiimbwa, wenzake waliinua jezi yake mbele ya kamera kama watu walio msibani. Nahodha Thiago Silva naye hakuwepo kwa sababu ya kadi, yaani ukuta wa nyuma ulikuwa umepungua pia. Ujerumani iliwafunga 7-1. Nadhani kosa kubwa la siku ile lilikuwa kuingia uwanjani wakimlilia mtu aliye hai, huku nafasi ya beki bora ikiwa wazi na wachache wakiizungumzia.

Katika besiboli, mchezo wa Wamarekani ambao huku hauchezwi, kuna kisa cha mwaka 1925 ambacho kila mchezaji aliyeumia anastahili kukijua. Klabu ya New York Yankees ilimpumzisha Wally Pipp siku moja na kumweka kijana Lou Gehrig mahali pake. Gehrig alicheza mechi 2,130 mfululizo, hadi mwaka 1939. Pipp hakuipata tena nafasi yake na baada ya msimu ule akauzwa. Nakitaja kwa sababu upande wa pili wa swali letu ni mtu mwenyewe. Timu inaweza kupona vizuri mno kiasi kwamba mgonjwa akirudi hakuna kitanda chake.

Mazembe hawakumfanyia Mputu hivyo. Walimhifadhi. Alirudi klabuni baada ya adhabu, na Januari 2013, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Afrika Kusini, alifunga bao lililoanza kuirudisha Kongo mchezoni dhidi ya Ghana, kutoka 2-0 hadi 2-2. Mwaka 2014 alihamia Kabuscorp ya Angola. Mwaka aliokosa, ambao ndio mwaka bora wa Mazembe katika historia yao, haukurudi, na makubwa ya Ulaya aliyokuwa akitabiriwa hayakuja. Alilipa gharama kubwa kwa dakika chache za hasira Kigali.

Wakati huo huo klabu ilijifunza kutomwegemea mtu mmoja. Mwaka 2011 Mazembe waliwatoa Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa, wakishinda 3-1 Lubumbashi na 3-2 Tanzania. Baadaye shirikisho la kandanda la Afrika, CAF, liliwaondoa Mazembe kwa kumchezesha mchezaji asiye halali, Janvier Bokungu. Lakini katika mechi hizo walimwona kijana wa Simba, Mbwana Samatta, na mwaka huo huo wakamchukua. Thomas Ulimwengu naye akaja. Kutoka upande wa pili wa mpaka, katika ukanda wa shaba wa Zambia, akaja Rainford Kalaba. Samatta hakununuliwa siku ya dharura. Alipewa miaka minne. Mwaka 2015 alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa, yakiwemo ya fainali zote mbili dhidi ya USM Alger, na Mazembe wakatwaa kombe la tano. Januari 2016 akatwaa tuzo ile ile aliyowahi kuipata Mputu, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji. Mrithi wa nyota huandaliwa wakati nyota bado anaimba, na kwa hili Katumbi anastahili sifa bila kujali mtu anaionaje siasa yake.

Yote hayo yanahitaji fedha, na fedha hizo timu za Kolwezi hazina. Timu ya mtaa huko Mutoshi, ambayo mshambuliaji wake asubuhi yuko shimoni na jioni yuko uwanjani, haina mtu wa kununua kutoka Dar es Salaam. Inachoweza kukiiga kwa Mazembe wa 2010 ni kile kisichogharimu: kugawana kazi ya aliyekosekana na kufunga mlango wa nyuma. Kuna jambo moja zaidi ambalo si la mbinu, nalo ni kumtunza mwenyewe aliyeumia. Hapo nchi yetu ina deni kubwa, na deni hilo lina jina.

Mwaka 1994 Ndaye Mulamba, aliyekuwa akiishi bila anasa yoyote, alialikwa Tunisia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika akaheshimiwe na CAF kwa mabao yake 9. Aliporudi Zaire, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amerudi na fedha nyingi. Walimpiga risasi mguuni. Mguu ule ule wa kizazi kilichoipa nchi kombe la Afrika ulivunjwa na watu wa nchi hiyo hiyo. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi maskini katika vitongoji vya Cape Town. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa nchini Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumkumbuka marehemu Ndaye Mulamba. Hakuwa amekufa. Alikuwa Cape Town, mzima, na hakuna kiongozi wa kandanda aliyekuwa amejishughulisha kumtafuta na kujua.

Viongozi wa klabu za Lualaba, kubwa na ndogo, nawaomba jambo hili: kabla ya kupanga nani atachukua nafasi ya mshambuliaji aliyeumia, pangeni nani atalipa hospitali, nani atapeleka unga nyumbani kwake mwezi huu na ujao, na nani atamtembelea wakati mashabiki wameshaanza kuimba jina jingine. Tengeni fungu dogo katika kila kiingilio cha mechi kwa kazi hiyo, na liandikwe katika katiba ya klabu ili asiwepo wa kulihamisha.

Ndaye Mulamba alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019. Mabao 9 aliyofunga Misri mwaka 1974 bado ni rekodi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mashindano mamoja.